Tunawajua wa Los Angeles, Hatuwajui wa Bunyore

Kuna jambo moja ambalo limenikereketa kwa muda mrefu, nami nimeona leo niliweke wazi mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wetu ili tulipime pamoja. Vijana wengi wa shule zetu za Kakamega wanaijua historia ya makundi ya roki ya Marekani kuliko wanavyoijua historia ya makundi yaliyozaliwa mwendo mfupi wa matatu kutoka madarasani mwao. Sisemi hivi kwa nia ya kuwashutumu vijana. Ukilichunguza jambo lenyewe kwa makini, utagundua kwamba kiini chake si ukaidi wala dharau ya mila. Kiini chake ni daftari.

Hebu tuchukue mfano mmoja. Mwanafunzi wa sekondari anayependa gitaa atakusimulia bila kukohoa habari za Guns N' Roses, kundi la roki nzito la Los Angeles. Atakuambia kwamba lilianzishwa mwaka 1985 kutokana na makundi mawili, L.A. Guns na Hollywood Rose, na kwamba jina lake lilitokana na kuunganishwa kwa majina hayo mawili. Atawataja watano waliolijenga: Axl Rose mwimbaji, Slash na Izzy Stradlin kwenye magitaa, Duff McKagan kwenye besi na Steven Adler kwenye ngoma. Ataeleza kwamba albamu yao ya kwanza, Appetite for Destruction, ilitoka Julai 1987 bila kishindo, ikajikokota zaidi ya mwaka mzima ndipo ikafika kileleni mwa orodha ya Marekani mwaka 1988. Ataongeza kwamba mnamo Septemba 17, 1991 walitoa albamu mbili kwa siku moja, kwamba Adler alikuwa amekwisha kutimuliwa mwaka 1990 kwa sababu ya dawa za kulevya, kwamba Slash aliondoka mwaka 1996, na kwamba yeye na McKagan walirejea kundini mwaka 2016.

Huo, msomaji mpendwa, ni ujuzi. Una tarehe, una majina, una sababu na matokeo. Mwalimu yeyote wa historia angefurahi kama mwanafunzi wake angeyaeleza Mapatano ya Lancaster kwa ufasaha wa namna hiyo.

Sasa mgeuzie kijana huyo huyo swali jingine. Muulize: Abana ba Nasery walikuwa nani? Nimewahi kuliuliza swali hili darasani si mara moja wala mbili. Jibu nilipatalo kwa kawaida ni kimya, au mmoja hubahatisha kwamba ni shule ya chekechea. Kubahatisha huko si upuuzi, maana jina hilo kwa lugha ya Wanyore lina maana ya watoto wa nasari. Lakini walio nyuma ya jina hilo hawakuwa watoto. Walikuwa wanamuziki watatu wa Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Walianza kujulikana katika miaka ya 1960, wakati Bunyore ingali sehemu ya Wilaya ya Kakamega kabla ya Vihiga kuwa wilaya na hatimaye kaunti. Nyimbo zao zilivuka bahari zikafika London, na wenyewe wakazifuata.

Kabla ya kuieleza safari yao, yafaa nimwondolee msomaji shaka moja. Sina ugomvi na roki, wala siamini kwamba kijana anayesikiliza gitaa la Kimarekani amepotoka. Upepo wa muziki kutoka Marekani ulianza kuvuma huku kwetu zamani sana. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akawarekodi wasichana wakiimba kuhusu kiumbe wa ajabu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilikuwa matamshi yao ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko kwa santuri. Wasichana wale hawakuacha kuwa Wakipsigis kwa kumsikia Jimmie Rodgers. Walimchukua, wakamgeuza, wakamwimba kwa sauti yao wenyewe. Hivyo ndivyo muziki unavyoishi popote duniani.

Gitaa nalo liliingia katika nchi ya Waluhya kwa njia kama hiyo. Vita vya Pili vya Dunia viliwapeleka maelfu ya vijana wa Kenya ng'ambo wakiwa askari wa King's African Rifles, na baada ya vita gitaa lilianza kuonekana mikononi mwa watu waliorejea na waliokwenda mijini kutafuta kazi. Kutoka Katanga, katika Kongo, zikaja santuri za Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, mafundi waliolidonoa gitaa kwa dole gumba na kidole cha shahada hata msikilizaji akadhani wanaopiga ni watu wawili. Vijana wa magharibi mwa Kenya walikuwa tayari na masikio yaliyofunzwa. Walikuwa wamekua wakisikia litungu, na shiriri yenye uzi mmoja, na ngoma za isukuti. Walipolishika gitaa hawakulipiga kama Mwenda wala kama Jimmie Rodgers. Walilifanya lizungumze lugha ya nyumbani.

Aliyeongoza katika kazi hiyo alikuwa George Mukabi wa Kisa, upande wa Khwisero. Mtindo wake uliitwa omutibo. Gitaa lilikuwa kavu, yaani lisilo na umeme, na mdundo wake haukutoka kwenye ngoma bali kwenye chupa ya soda. Chupa ya Fanta ya zama hizo ilikuwa na matuta ubavuni. Ukiyakwaruza matuta hayo kwa kipande cha chuma unapata mchakacho, na ukiigonga chupa unapata mlio mkali kama wa njuga. Kwa vitu viwili tu, gitaa na chupa, Mukabi alipata sauti ambayo mtu angeitambua hata akiisikia kwa mbali kupitia redio ya jirani. Wimbo wake Sengula Nakupenda wangali wanaukumbuka wazee wengi. Aliuawa mwaka 1963, mwaka ule ule nchi ilipojipatia uhuru. Umaarufu wake ulidumu miaka michache mno, lakini njia aliyoifyeka ilibaki wazi kwa wengine.

Abana ba Nasery waliipitia njia hiyo na kuipanua. Mukabi alikuwa amesifika kwa gitaa moja. Hawa walileta magitaa mawili. Shem Tube aliongoza kwa sauti na gitaa, Justo Osala akajibu kwa gitaa la pili, na Enos Okola akashika chupa ya Fanta. Wote watatu waliimba, kila mmoja kwa sauti yake, hata ukapatikana ule upatanifu wa sauti tatu ambao mwalimu wa kwaya huuhangaikia muhula mzima. Gitaa moja lilishikilia mdundo huku jingine likitembea juu yake, likiupamba wimbo kati ya beti. Msikilizaji wa leo akiufuatilia mpangilio huo ataona kwamba mengi yaliyokuja kutambulika kama sifa za muziki wa Kenya wa baadaye, wa magitaa ya umeme, yalikwisha kujaribiwa na watu watatu na chupa moja.

Nawaomba walimu wa fizikia wasiipite chupa hiyo haraka. Mchezaji anaweza kuikwaruza taratibu au upesi, kwa nguvu au kwa wepesi, na kila mara ikatoa sauti tofauti. Somo zima la mtetemo na mawimbi ya sauti linaweza kufundishwa kwa chombo hicho, katika shule ambayo haina maabara ya maana.

Tuitazame basi safari ya kundi hili kama tunavyoitazama ya kundi lolote la Marekani. Mwanzo wake ulikuwa wa santuri ndogo, zile zenye wimbo mmoja kila upande. Hizo ndizo zilizokuwa biashara ya muziki nchini katika miaka ya 1960 na 1970. Wanamuziki wa magharibi walisafiri kwenda Nairobi, au walikwenda Kericho kwenye studio ya Chandarana, wakarekodi, wakalipwa walicholipwa, wakarudi mashambani. Baadaye, mitindo ilipobadilika na watu wakaanza kutaka muziki wa kucheza kwenye kumbi, Shem Tube na wenzake hawakukaa wakilalamika. Waliunganisha magitaa na umeme, wakarekodi kwa majina mengine, Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Kwa hiyo wanamuziki wale wale walikuwa na maisha mawili: maisha ya gitaa kavu na chupa, na maisha ya bendi kamili ya kisasa. Kijana anayedhani kwamba kubadilisha mtindo ni uvumbuzi wa makundi ya roki apaswa kulifahamu hilo.

Kisha ukaja ukame. Katika miaka ya 1980 kanda za kaseti ziliisukuma santuri kando, na pamoja na kanda wakaja wanakilishaji haramu. Mtu aliweza kununua kanda moja halali na kutoa mia za bandia kabla ya jua kutua. Mwanamuziki aliusikia wimbo wake katika kila matatu, na mfukoni mwake hamkuingia hata ndururu. Makampuni ya kurekodi yakapoteza hamu, na makundi mengi yakanyamaza.

Hapo ndipo wageni walipoingia. Mwandishi Mwingereza John Storm Roberts, aliyekuwa amefanya kazi ya uandishi wa magazeti mjini Nairobi, alikusanya nyimbo za zamani za Kenya na kuzitoa nchini Marekani katika mfululizo alioupa jina Before Benga. Mjini London, kampuni ya GlobeStyle ilikusanya rekodi za Abana ba Nasery za miaka ya 1960 na 1970, ikazitoa mwaka 1989 zikiwa albamu moja. Halafu wanamuziki wenyewe wakasafirishwa hadi Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watatu hao wa Bunyore walirekodi huko albamu mpya, Nursery Boys Go Ahead!, wakishirikiana na wanamuziki wa Ulaya, wakiwamo wa makundi ya Oysterband na 3 Mustaphas 3. Naomba mwanafunzi azilinganishe tarehe. Ni miaka ile ile Guns N' Roses walipokuwa wakitoa albamu zao mbili kwa siku moja. Wale walikuwa na minara ya vipaza sauti inayotikisa viwanja vya mpira, na hawa walikuwa na chupa ya Fanta. Yote mawili yalikuwa muziki wa gitaa, na yote mawili yalikuwa na wasikilizaji waliolipa fedha kuyasikia.

Mukabi naye alisubiri zaidi ya nusu karne. Mwaka 2017 kampuni ya Olvido ya Marekani ilitoa albamu ya nyimbo zake iitwayo Furaha Wenye Gita. Mtu wa Kisa aliyezikwa mwaka 1963 alirudi madukani kupitia ng'ambo.

Nafahamu pingamizi litakalotolewa hapa, nalo si dogo. Mtu atasema: unalinganisha sungura na tembo. Appetite for Destruction iliuza zaidi ya nakala milioni 18 nchini Marekani peke yake. Nyuma yake kulikuwa na kampuni tajiri, vituo vya televisheni, majarida na mawakala. Watatu wa Bunyore wangepata wapi mtaji wa namna hiyo? Jawabu langu ni kwamba pingamizi hilo ni kweli kwa upande wa mauzo, wala sitalibishia. Fedha hununua umaarufu. Lakini mwanafunzi wangu hajui idadi ya nakala tu. Anajua pia nani alipiga ngoma, nani aliondoka mwaka gani na kwa nini. Hayo hayakuhitaji mamilioni. Yalihitaji mtu mwenye kalamu aliyeketi na wanamuziki, akawauliza maswali, akaandika majibu, na mwingine akayahifadhi. Kalamu na daftari tunavyo. Kila shule ya Kakamega inavyo.

Wako watakaonikumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo sitaitumia leo, kwa sababu vijana wameisikia hata imepoteza makali, na kwa sababu hakuna anayeweza kushika mila ambayo hakuonyeshwa. Methali ninayoitaka ni ile ya wafanyabiashara: mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki huu ni mali. Tusiuite urithi tu, neno ambalo hutumiwa sana kwenye hotuba za wageni wa heshima kisha likasahauliwa wakati wa kugawa bajeti. Ni mali kwa maana halisi ya kisheria, na kwa kuwa haikuandikwa, wenyewe wanaipoteza.

Tuitazame sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi wa wimbo hudumu maisha yake yote, na miaka 50 zaidi baada ya kumalizika kwa mwaka aliofariki. Haki ya rekodi yenyewe huhesabiwa kwa namna nyingine: ni miaka 50 tangu kumalizika kwa mwaka iliporekodiwa. Sasa mwanafunzi wa hisabati na apige hesabu. Mtunzi aliyefariki mwaka 1963 haki yake ilifikia kikomo mwishoni mwa 2013. Rekodi iliyofanywa mwaka 1965 ilifikia kikomo mwishoni mwa 2015. Lakini wimbo uliomo ndani ya rekodi hiyo, kama mtunzi wake aliishi hadi mwaka 2000, ungali mali ya warithi wake mpaka mwisho wa 2050. Hesabu yote hiyo inategemea mambo mawili: jina la mtunzi na mwaka. Familia isiyoweza kuonyesha nani alitunga na lini haina cha kudai, hata wimbo uwe unapigwa katika kila harusi kuanzia Luanda hadi Malava.

Asiyeamini kwamba kukosekana kwa maandishi huzaa ugomvi na autazame wimbo Malaika. Fadhili William aliurekodi na kuupatia umaarufu. Miriam Makeba akaupeleka duniani. Boney M wakauimba. Hata hivyo, swali la nani hasa aliutunga liliendelea kuzozaniwa, wengine wakimtaja Fadhili mwenyewe, wengine Adam Salim, wengine Grant Charo. Fadhili alifariki mwaka 2001 mzozo ukiwa haujazikwa. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na tarehe siku wimbo ulipotungwa ingeondoa maneno yote hayo. Na huo ni wimbo maarufu kuliko zote za Afrika Mashariki. Je, zile ambazo hazikupata kuwa maarufu zimesalimika vipi?

Mfano wa pili ni wa Daudi Kabaka, fundi wa twisti aliyezaliwa mwaka 1939 katika familia ya Kiluhya na kufariki mwaka 2001. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza liitwalo The Tremeloes liliuimba wimbo wake Helule Helule, ukaingia katika nyimbo ishirini za juu nchini Uingereza. Hebu fikiri: miaka mitano tu baada ya uhuru, wimbo wa kijana wa kwetu ulikuwa ukichezwa na vijana wa London. Ni wanafunzi wangapi wa Kakamega na Vihiga wanaolijua hilo? Tungewaeleza mapema, pengine wasingeona kwamba kupiga gitaa ni kazi inayowafaa watu wa Los Angeles pekee.

Wala si kweli kwamba sisi hatuwezi kuandika mambo yetu yakatambuliwa. Mwaka 2014, Shirika la UNESCO liliiingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi wa dunia unaohitaji kulindwa kwa haraka. Heshima hiyo haikushuka kama mvua. Ilipatikana kwa sababu ziliandikwa habari zake: ngoma zenyewe, nyakati zinapopigwa, nani huzipiga, nani hufunzwa na nini kinaitishia. Wazee waliulizwa, jamii ikakubali, karatasi zikapelekwa. Kama isukuti iliandikwa ikajulikana, omutibo una kasoro gani?

Tatizo la omutibo ni kwamba umeanguka katikati ya viti viwili. Wapenda mila huuona si wa kienyeji vya kutosha, kwa sababu gitaa lilitoka kwa wageni. Wapenda usasa huuona wa kizamani, kwa sababu hauna umeme. Kwenye tamasha za muziki za shule tumezoea kuiona isukuti ikitikisa jukwaa, na tumezoea kusikia kwaya zikiimba nyimbo za Wajerumani waliofariki karne nyingi zilizopita. Mtindo uliozaliwa Kisa na kukomaa Bunyore unabaki nje ya ukumbi. Mimi naona hiyo ndiyo hoja ya kuupa nafasi. Omutibo unamfundisha mwanafunzi jambo ambalo isukuti haiwezi kumfundisha: jinsi ya kukipokea chombo cha mgeni bila kuwa mgeni mwenyewe.

Napendekeza nini? Sipendekezi kamati, wala jumba la makumbusho litakalongojea ufadhili hadi wazee waishe. Napendekeza kazi ambayo shule moja inaweza kuianza muhula huu bila kuomba ruhusa ya wizara.

Mtaala wa Umilisi unawataka wanafunzi wafanye miradi inayohusiana na jamii zao, na katika Sekondari Pevu uko mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Basi kila mwanafunzi wa mkondo huo na amtafute mwanamuziki mmoja mzee katika kata yake, au mjane wake, au mtoto wake, au mtu aliyecheza dansi katika kumbi alimopiga. Amuulize maswali machache yaliyo wazi. Kundi liliitwa nani na lilianza mwaka gani? Nani alipiga chombo gani? Nani alitunga wimbo upi, na kwa tukio lipi? Mlirekodi wapi, na nani aliwalipa? Nani aliondoka, na kwa nini? Santuri au kanda ipo wapi leo? Majibu yaandikwe kwa wino, yasomwe mbele ya mzee mwenyewe ili asahihishe, yatiwe tarehe na sahihi. Nakala moja ibaki kwa familia yake, ya pili iwekwe katika maktaba ya shule, ya tatu ipelekwe maktaba ya umma au Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa mjini.

Walimu wa Kiswahili watapata humo insha na mahojiano ya kweli badala ya yale ya kubuni. Walimu wa historia watapata chanzo cha masimulizi ambacho mwanafunzi mwenyewe amekichimba. Walimu wa biashara watapata mfano wa mkataba mbaya. Na walimu wa muziki, pale walipo, watapata mapigo ya magitaa ambayo hakuna kitabu cha kiada kilichoyaandika.

Natoa tahadhari mbili. Ya kwanza: mwanafunzi asiende kwa mzee kama mkusanya ushuru. Aende kwa adabu, aombe idhini, na asiondoke na santuri wala picha ya mtu. Wazee wengi wamewahi kumkabidhi mgeni mwenye maneno matamu kitu chao cha pekee, wasikione tena. Ya pili: tusiwageuze wazee hao malaika. Habari za Guns N' Roses zinavutia kwa sababu zimeandikwa pamoja na ugomvi, ulevi na kutimuana kwao. Makundi yetu nayo yaligombana kuhusu fedha, kuhusu jina, kuhusu nani mkubwa. Historia inayowasifu watu tu haifundishi lolote, na kijana mwerevu huitambua mara moja.

Sina hakika kwamba kazi hii itamfanya mwanafunzi amwache Slash na kumpenda Shem Tube, wala hilo silo lengo langu. Naomba awajue wote wawili kwa kiwango kimoja, kisha achague mwenyewe kwa haki. Kwa sasa hachagui, maana upande mmoja una vitabu, filamu na tarehe kamili, na upande wa pili una kumbukumbu zilizomo vichwani mwa watu wenye umri wa miaka 70 na 80. Santuri zao zilitafutwa na watu wa London na wa Marekani, wakazisafisha, wakazitoa upya, nasi hatuna budi kuwashukuru. Lakini mtu wa London hawezi kwenda Khwisero kumuuliza bibi kizee ni kwa msiba upi wimbo fulani ulitungwa, akajibiwa kwa lugha ya kwao na kuelewa mpaka mafumbo yaliyomo. Kazi hiyo ni ya mjukuu wake aliye kidato cha tatu. Mwalimu na ampe kalamu, ampangie siku, na amtume kabla ya likizo ya Agosti.